Kuwaandaa Maafisa Ustawi wa Jamii Kukabili Kiwewe cha Utotoni

Kiwewe cha utotoni ni athari inayobaki katika mwili na nafsi ya mtoto baada ya tukio, au mfululizo wa matukio, yaliyomtisha kupita uwezo wake wa kustahimili. Tukio laweza kuwa moja: ajali ya barabarani, mafuriko, kubakwa, kushuhudia mauaji. Laweza pia kuwa la kila siku: kipigo cha mzazi mlevi, ugomvi wa usiku baina ya baba na mama, kutelekezwa, maisha ya kukimbia vita. Aina hii ya pili ndiyo inayofika mara nyingi zaidi mezani kwa afisa ustawi wa jamii, na ndiyo ngumu kuitambua. Haina siku ya kuanzia wala kovu la kumwonyesha daktari, na mara nyingi anayeisababisha ndiye yule yule ambaye mtoto angemkimbilia kutafuta kinga.

Tukio na kiwewe havilingani. Watoto wawili wa nyumba moja wanaweza kupitia jambo lile lile, mmoja akarudi katika hali yake baada ya wiki chache na mwingine akabaki na hofu kwa miaka. Tofauti hutokana na umri, urefu wa mateso, uhusiano wa mtoto na mtesaji, na zaidi ya yote iwapo palikuwa na mtu mzima wa kumsadiki na kumtuliza. Watoto wengi hupona bila tiba maalumu wanapopata mambo matatu: usalama, ratiba ya maisha inayotabirika, na mlezi asiyebadilikabadilika. Hapo ndipo umuhimu wa mafunzo ulipo. Afisa hawezi kulifuta tukio, lakini karibu kila uamuzi anaoutoa unagusa mambo hayo matatu, ama kwa kuyajenga ama kwa kuyabomoa.

Ukubwa wa tatizo

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika kufanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto. Utafiti huo ulifanyika mwaka 2009 na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja hivi kati ya saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya vijana wa jinsia zote walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili, na takriban robo walifanyiwa ukatili wa kihisia. Kenya ilifanya utafiti wa namna hiyo mwaka 2010 na kupata picha inayofanana.

Kwa anayepanga mafunzo, matokeo mengine ya utafiti wa Tanzania yana uzito zaidi: kiasi cha nusu ya wasichana na zaidi ya theluthi mbili ya wavulana waliofanyiwa ukatili wa kingono hawakumwambia mtu yeyote. Maana yake ni kwamba watoto wengi wanaofika kwa maafisa hawaletwi kwa jina la ukatili. Wanaletwa kwa utoro, wizi mdogo, kutoroka nyumbani, mimba, mgogoro wa matunzo kati ya wazazi waliotengana, au kwa sababu mwalimu amechoka nao. Afisa anayesubiri mtoto ajieleze mwenyewe atawakosa wengi wao.

Chimbuko la maarifa

Maarifa yanayofundishwa leo yametoka katika vyanzo kadhaa. Cha kwanza ni tafiti za uhusiano wa mtoto na mlezi. John Bowlby, tabibu wa magonjwa ya akili wa Uingereza, alieleza kuwa kumshikilia mlezi ni hitaji la msingi la mtoto mchanga, sawa na chakula. Mwenzake Mary Ainsworth alikwenda Uganda mwaka 1954, akazitembelea familia za vijiji vya karibu na Kampala na kuangalia jinsi watoto wachanga walivyowatumia mama zao kama ngome ya kutokea kwenda kuuchunguza ulimwengu. Kitabu chake kuhusu kazi hiyo kilitoka mwaka 1967. Kwa hiyo nadharia hii, ambayo mara nyingi hufundishwa Afrika Mashariki kama mali ya Ulaya na Marekani, sehemu ya ushahidi wake wa mwanzo ilikusanywa katika nyumba za Waganda.

Chanzo cha pili ni uchunguzi uliofanyika San Diego, Marekani, chini ya Vincent Felitti na Robert Anda, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1998. Watu wazima waliulizwa kuhusu madhila ya utotoni, kama vile kupigwa, kudhalilishwa kingono, na kuishi na mlevi au mtu aliyefungwa gerezani, kisha majibu yao yakalinganishwa na hali yao ya afya. Kadiri aina za madhila zilivyokuwa nyingi, ndivyo uwezekano wa ulevi, sonona, jaribio la kujiua na hata ugonjwa wa moyo ulivyopanda.

Cha tatu ni uchunguzi wa Bucharest, Romania, ulioanza mwaka 2000. Watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi za serikali waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakapelekwa kwa familia za malezi, nusu wakabaki chini ya utaratibu wa kawaida. Waliopata familia waliendelea vizuri zaidi, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza takriban miaka miwili. Mtoto aweza kulishwa, kuvishwa na kutibiwa, na bado akadumaa kwa kukosa mtu wa kumshikilia.

Anachopaswa kukijua afisa

Mafunzo mazuri huanza na mwili. Mtoto anapohisi hatari, ubongo wake huamuru homoni za adrenalini na kotisoli zimiminwe. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, na sehemu ya ubongo inayopima na kufikiri hupunguza kazi. Mwili huwa tayari kupigana, kukimbia au kuganda. Utaratibu huu humwokoa mtu mbele ya nyoka. Kwa mtoto anayeishi na hatari kila siku, hugeuka kuwa hali ya kudumu: king’ora kinacholia hata moshi usipokuwepo. Sauti ya mlango kubamizwa, harufu ya pombe au mwalimu aliyeinua mkono kuandika ubaoni vyatosha kumrudisha kwenye hofu ile ile. Afisa anayelijua hili hamlaumu mtoto kwa kutokusikia maelekezo katikati ya fadhaa. Humtuliza kwanza, kisha huzungumza.

Hatua inayofuata ni kuzisoma dalili kwa umri. Mtoto mchanga hulia bila kutulizika, hugoma kula, au kinyume chake huwa mtulivu kupita kiasi na kutomtazama mtu usoni. Mtoto wa miaka mitatu au minne hurudia kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, hung’ang’ania nguo ya mlezi, au huigiza tukio lile lile katika michezo yake. Wa shule ya msingi huota ndoto za kutisha, husinzia darasani, hulalamika tumbo au kichwa bila ugonjwa kuonekana zahanati. Kijana hujitenga, hujikata, hutumia vileo, au huanza mahusiano ya hatari. Ndani ya jamii dalili hizi zina majina mengine: kiburi, ujeuri, uvivu, utukutu, kudeka. Mtoto mkimya asiyesumbua mtu husifiwa kuwa ana adabu, ilhali huenda yeye ndiye aliyeumia zaidi.

Familia nyingine husema mtoto ana majini au amerogwa, na humpeleka kwa mganga, kwa shehe au kwenye maombi. Afisa anayeibeza imani hiyo hufunga mlango, na mtoto hubaki upande wa pili. Mafunzo humwelekeza aulize familia inaelezaje hali ya mtoto, aangalie kama tiba wanayotumia ina madhara, kisha aongeze msaada wake bila kuanzisha vita vya imani. Pale tiba yenyewe inapokuwa kumfunga, kumchoma au kumshindisha mtoto njaa, hapo kuna ukatili, na sheria huchukua mkondo wake.

Tatu ni kuelewa kuwa ulinzi wenyewe waweza kujeruhi. Kumwondoa mtoto kwake usiku, ndani ya gari la polisi, bila kumwambia anakopelekwa na bila nguo yake wala ndugu yake, ni tukio jipya la kutisha juu ya lile la kwanza. Afisa aliyefunzwa huuliza kama mtesaji anaweza kuondolewa badala ya mtoto, na kama kuna bibi, shangazi au mama mdogo wa kumpokea. Pasipokuwa na ndugu, hutafuta familia ya kuaminika kabla ya makao ya watoto. Humweleza mtoto kwa maneno machache yaliyo kweli: unakwenda wapi, nani atakuwepo, lini nitarudi kukuona. Ahadi isiyotimizwa, hata ndogo, humthibitishia mtoto kuwa watu wazima hawaaminiki.

Nne ni mahojiano. Katika mfumo uliolegea, msichana aliyebakwa humsimulia mama yake, mwenyekiti wa mtaa, askari anayejaza fomu ya polisi ya PF3, daktari, afisa ustawi, mwendesha mashtaka, na mwishowe hakimu. Kila simulizi humrudisha kwenye tukio. Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi na vituo vya huduma ya mkono kwa mkono hospitalini vilianzishwa kwa sehemu ili kupunguza mzunguko huu. Ndani ya vituo hivyo bado kuna tofauti kati ya anayejua kuhoji na asiyejua. Mjuzi hukaa usawa wa macho ya mtoto, huuliza maswali ya wazi, hamtilii maneno mdomoni, na hamlazimishi kupanga matukio kwa tarehe. Anajua pia kuwa kumbukumbu ya kiwewe huja vipandevipande, hivyo maelezo yanayopishana kidogo si uthibitisho wa uongo. Maarifa haya yana uzito mahakamani, kwani tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016, mtoto wa umri mdogo nchini Tanzania anaweza kutoa ushahidi bila kiapo kwa kuahidi kusema kweli.

Mahali pa mafunzo katika mfumo wa Tanzania

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa Tanzania Bara, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011, zimemweka afisa ustawi katikati ya ulinzi wa mtoto. Yeye ndiye anayepokea taarifa ambazo kila mwanajamii ana wajibu wa kuzitoa, anayechunguza mazingira ya nyumbani, anayeandika ripoti ya kijamii kwa ajili ya mahakama, na anayefuatilia mtoto aliyewekwa kwa walezi. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, maarufu kwa jina la MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017/18, uliongeza kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa, ambamo afisa huyo hukutana na polisi, walimu, wahudumu wa afya na viongozi wa dini.

Njia za kumwandaa ni tatu. Ya kwanza ni elimu ya chuo. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 na yenye kampasi Kijitonyama, Dar es Salaam, ndiyo yenye historia ndefu zaidi ya kufundisha fani hii nchini. Ya pili ni mafunzo ya wasaidizi wa ustawi ngazi ya jamii, yaliyokua katika miaka ya janga la UKIMWI ili kuwafikia yatima na watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi, maana maafisa wenye shahada walikuwa wachache mno. Ya tatu ni semina za kazini, za siku mbili hadi tano, zinazofadhiliwa na serikali au mashirika.

Kila njia ina upungufu wake. Chuo hutoa nadharia pana, lakini mwanafunzi aweza kuhitimu bila kuwahi kukaa na mtoto mwenye hofu chini ya uangalizi wa mtu mwenye uzoefu. Msaidizi wa ngazi ya jamii anaijua mitaa yake na lugha ya watu wake, lakini anapokutana na shauri zito hana wa kumuuliza. Semina hufika kwa wengi kwa haraka. Tatizo ni kwamba mshiriki hurudi wilayani akiwa na vitini na maneno mapya, huku mafaili, usafiri na msimamizi wake vikiwa vile vile.

Ushahidi wa kinachofaa

Afrika Mashariki ina ushahidi wake kuhusu jambo hili. Kati ya mwaka 2013 na 2015, watafiti walijaribu tiba ya kiwewe kwa watoto 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote, katika maeneo ya Bungoma nchini Kenya na Moshi nchini Tanzania, mjini na vijijini. Waliotoa tiba hawakuwa wanasaikolojia. Walikuwa washauri wa kawaida wa maeneo hayo, waliofunzwa kisha wakasimamiwa kila wiki na viongozi wa papo hapo, ambao nao waliongozwa na wataalamu kwa mbali. Watoto walikutana katika vikundi mara kumi na mbili, na walezi wao walikuwa na vikao vyao.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yana mafunzo mawili. Mara baada ya tiba, watoto walioipata walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao katika maeneo matatu kati ya manne. Baada ya mwaka mmoja, tofauti hiyo ilibaki Kenya, mjini na vijijini, ilhali Tanzania watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamepata nafuu inayokaribiana. Kwa hiyo mtu asiye na shahada ya saikolojia aweza kufanya kazi hii akisimamiwa vizuri. Na tena, mazingira ya mtoto yana uzito wake, hata mbinu moja isizae matunda sawa kila mahali. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2011 nao ulionyesha kuwa washauri wa jamii waliofunzwa kwa kina waliweza kuwasaidia vijana waliowahi kutumikishwa vitani kupunguza dalili za kiwewe kwa kusimulia maisha yao hatua kwa hatua.

Jambo linalounganisha mifano hii ni mpangilio wa kujifunza. Mafunzo ya darasani yalikuwa mwanzo tu; ujuzi ulikomaa katika mashauri halisi, huku mtu mwenye uzoefu akisikiliza, akisahihisha na kutia moyo. Semina isiyo na ufuatiliaji haimo katika ushahidi huu. Mpango wa mafunzo kwa maafisa ungefuata mtiririko huo huo: siku chache za msingi, maigizo ya mahojiano na ya ziara za nyumbani, mijadala ya mashauri yaliyofichwa majina, kisha vikao vya usimamizi vya mara kwa mara katika wilaya. Vitini na mifano viwe katika Kiswahili na vitokane na maisha ya hapa: mtoto wa kazi za ndani aliyetoroka kwa mwajiri, mtoto mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, mtoto wa mgodini Geita, mtoto wa kituo cha mabasi.

Mipaka na hatari

Maarifa ya kiwewe hutumiwa vibaya kwa njia kadhaa. Ya kwanza ni kumgeuza afisa kuwa tabibu asiyesomea. Kazi yake ni kutambua, kutuliza, kulinda na kutoa rufaa. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia, kama ilivyoelezwa katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011, imejengwa juu ya vitendo vitatu vyepesi kukumbuka: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Mwongozo huo haumtaki msaidizi amlazimishe mwathirika kusimulia yaliyompata. Kumkamua mtoto simulizi lote katika kikao kimoja, kwa imani kwamba kulia ndiko kupona, kwaweza kumdhuru.

Ya pili ni kuhesabu madhila kwa mtoto mmoja mmoja na kumpa alama kama ya mtihani. Hesabu ya Felitti na Anda ilitengenezwa kuelezea afya ya umma, na Anda mwenyewe, akiandika na wenzake mwaka 2020, alionya dhidi ya kuitumia kupima hatari ya mtu binafsi. Watoto wenye alama sawa wana hatima tofauti. Ya tatu ni kuuita umaskini kiwewe, au kiwewe umaskini. Mama anayemwacha mtoto peke yake kutwa ili auze mboga sokoni hahitaji kunyang’anywa mtoto. Anahitaji mahali pa kumwacha. Afisa asiyetofautisha haya mawili huvunja familia kwa kosa la kukosa fedha.

Hatari ya nne ni mgongano kati ya mafunzo na mazingira. Kanuni za elimu Tanzania bado zinaruhusu adhabu ya viboko shuleni, visivyozidi vinne, chini ya mamlaka ya mkuu wa shule. Nchini Kenya adhabu hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2001. Afisa wa Tanzania anayemrudisha shuleni mtoto aliyeokolewa kutoka kwenye kipigo cha nyumbani hawezi kumhakikishia kuwa hatapigwa tena. Ndiyo maana mafunzo ya afisa peke yake hayatoshi: mwalimu, askari, hakimu na mlezi wa makao wanahitaji sehemu yao, kila mmoja kwa kazi yake.

Mzigo wa afisa mwenyewe

Anayesikiliza maumivu ya watoto kila siku hubaki na sehemu ya maumivu hayo. Tangu miaka ya 1990 wanasaikolojia, miongoni mwao Charles Figley, wamelielezea jambo hili kama gharama ya huruma. Dalili zake hujirudia: usingizi kukatika, ndoto zenye picha za mashauri, hasira nyumbani, au ganzi, yaani kumsikiliza mtoto anayelia kama anayesoma risiti. Afisa aliyekufa ganzi hukosea. Hukatisha mahojiano, huamini haraka maelezo ya mzazi, huahirisha ziara. Baadhi ya maafisa wenyewe walipigwa au kudhalilishwa utotoni, na shauri moja laweza kufukua yaliyozikwa.

Semina nyingi huligusa suala hili katika saa ya mwisho kwa ushauri wa kupumzika na kufanya mazoezi. Ushauri huo si mbaya, ila chanzo cha mzigo kiko katika namna kazi ilivyopangwa: idadi ya mashauri kwa mtu mmoja, kufanya kazi peke yako, kufuatwa nyumbani na mtuhumiwa au ndugu zake, na kukosa wa kumweleza. Tiba yake ya kwanza ni usimamizi wa kitaaluma unaomuuliza afisa shauri linamfanyia nini, mbali na kumuuliza limefikia wapi. Usimamizi huo ndio ule ule unaokomaza ujuzi, hivyo wilaya inayoupanga hupata faida mbili kwa gharama moja.

Kupima mafanikio

Mafunzo mengi hupimwa kwa mtihani wa kabla na baada, na alama hupanda karibu kila mara. Kipimo hicho huonyesha alichokumbuka mshiriki siku ya Ijumaa mchana, basi. Vipimo vyenye maana viko katika mafaili ya mashauri, miezi sita au mwaka baadaye. Je, idadi ya mara mtoto anazohojiwa imepungua? Je, ndugu wa tumbo moja wanawekwa pamoja? Ni watoto wangapi waliopata mlezi wa ukoo au familia ya kuaminika kabla ya kupelekwa makao? Ni wangapi waliohamishwa zaidi ya mara moja ndani ya mwaka? Je, ripoti kwa mahakama inaeleza tabia ya mtoto kwa kuihusisha na historia yake, au bado inaishia kwenye neno “mkaidi”? Je, walezi wa mtoto walielezwa watarajie nini na wafanyeje usiku anapoamka akipiga kelele?

Maswali haya hayahitaji maabara wala mtaalamu kutoka ng’ambo. Yanahitaji faili linalotunzwa, msimamizi anayelisoma, na halmashauri iliyo tayari kubadili utaratibu pale majibu yanapoonyesha kuwa mtoto angali anaumizwa na hatua zilizokusudiwa kumlinda.